Maneno ya Mahakamani Yafaa Kueleweka na Mwenye Kesi

Huku kwetu Pwani, mtu akiambiwa kuna karatasi yake imetoka kortini, kitu cha kwanza kumwingia ni hofu. Hajaisoma, hajui yahusu nini, lakini mikono tayari yatetemeka. Wako wanaoitia chini ya godoro wakitumaini itajifia huko. Wako wanaomwambia aliyeileta kwamba mwenyewe amesafiri. Na wako wanaompelekea kijana wa jirani aliyesoma, naye akaisoma kwa Kiingereza mpaka mwisho, kisha akasema neno moja tu: "Wanakuita."

Wanakuita kwa lipi? Kama mshtakiwa, kama mdaiwa, au kama shahidi? Siku hiyo kesi yatajwa tu au itasikizwa? Waweza kwenda peke yako au wahitaji wakili? Kila swali katika haya lina jibu lake, na kila jibu lina neno lake. Asiyelijua neno hupotea njia kabla hajaufikia mlango.

Nimeketi kwenye mabenchi ya mahakama za Mombasa na Malindi kwa miaka mingi nikiandika habari za gazeti. Nimeona watu wakishindwa ilhali haki yao i mkononi mwao, kwa kuwa neno lililoibeba haki hiyo hawakuelezwa. Basi maoni yangu ni haya: kumweleza mwenye kesi neno analoulizwa ni sehemu ya hukumu yenyewe. Haifai kuhesabiwa kuwa ni hisani ya karani mwenye moyo mzuri.

MANENO NI YETU

La ajabu ni kwamba maneno mengi ya mahakamani si mageni kwetu. Hakimu, kadhi, shahidi, wakili, hukumu, dhamana, rufaa, madai, haki na sheria, yote haya yalipita chuoni na msikitini kabla hayajaingia katika majengo ya serikali. Mtoto aliyekaa mkekani mbele ya mwalimu wake wa chuo ameyasikia zamani.

Upande wa pili kuna yale yaliyokuja na Mwingereza: korti, kesi, jaji, faini, jela, rumande na waranti. Na kuna yale ya asili yetu ya Kibantu: kosa, kiapo, kizimba. Kizimba, kama wajuavyo wazee, ni kibanda cha kufungia kuku. Leo ndipo mahali asimamapo mtu mzima aliyeshtakiwa.

Mimi ni mtunzi wa mashairi, na mtunzi hulionea wivu neno la asili. Walakini katika jambo hili sitaki kugombana na "kesi" wala "faini". Mama anayeuza viazi vya karai kando ya barabara alijua neno "faini" kabla ya sisi waandishi kulitafutia badala. Neno ambalo mnyonge analifahamu liachwe mahali pake. Taabu yetu iko kwenye yale maneno tunayodhani twayajua.

NENO MOJA, MAANA MBILI

Tuanze na wakili. Kwetu sisi wakili ni mtu uliyemwamini akasimama mahali pako, kama vile anayepokea ndoa kwa niaba ya bwana harusi aliye ng'ambo. Mahakamani ni vivyo hivyo, lakini wengi husahau upande wa pili wa jambo hili. Wakili akikubali kitu mbele ya jaji, huhesabiwa kuwa ni wewe uliyekubali. Akikosa kufika, huenda ikahesabiwa ni wewe uliyekosa. Kwa hivyo anayemwajiri wakili asikae nyumbani akingoja simu. Aulize, afuate, ajue siku na ajue lililosemwa.

Shahidi naye kwetu ana daraja mbili: aliyekufa katika njia ya Mwenyezi Mungu, na aliyeona jambo akalisema. Korti yamtaka huyu wa pili, tena yamtaka aliyeona kwa macho yake au kusikia kwa masikio yake mwenyewe. Mtu akisimama akasema, "Niliambiwa na shemeji yangu kwamba alimwona," ushahidi wake kwa kawaida hukataliwa, hata kama shemeji huyo ni mcha Mungu ajulikanaye mji mzima. Aletwe shemeji mwenyewe. Sisi tuliozoea kupokea elimu kwa mapokezi, fulani kutoka kwa fulani, hapa hutushangaza. Lakini ndiyo kanuni.

Kiapo nacho kina tofauti yake. Tulisomeshwa kwamba ushahidi ni juu ya anayedai, na yamini ni juu ya anayekana. Katika fikihi, yamini ya mwenye kukana huweza kuikata daawa. Katika mahakama za serikali, kiapo ni mlango wa kuingilia tu. Ukishaapa ndipo unapoanza kuulizwa, tena upande wa pili hukuuliza maswali ya kukupinga, na ukisema uongo baada ya kuapa umefanya kosa jingine la jinai. Nimemsikia mtu akilalamika, "Nimeapa kwa Msahafu, wataka nini tena?" Aliyekuwa akimhoji hakuwa akimdharau. Hiyo ndiyo kazi yake.

Hukumu ndilo neno linalochanganywa kuliko yote, na sisi waandishi wa magazeti tuna sehemu yetu katika hilo. Twaandika "amehukumiwa miaka mitano" kana kwamba hukumu na adhabu ni kitu kimoja. Hukumu ni uamuzi: mahakama imemwona mtu ana hatia au hana. Adhabu ni kile anachopewa baada ya kuonekana na hatia. Kati ya hayo mawili kuna nafasi ambayo mtu huruhusiwa kujitetea ili apunguziwe: ataje umri wake, ugonjwa wake, watoto anaowalea, na kwamba hajapata kukosa. Asiyejua kwamba nafasi hiyo ipo hunyamaza kwa uchungu, na kimya chake hakimsaidii.

KESI NI YA NANI?

Jambo la pili linalowatatiza watu wetu ni kutojua kesi ni ya nani. Kuna kesi za jinai na kesi za madai. Katika madai, mwenye kesi ni wewe uliyeileta: umedai deni, umedai shamba, umedai fidia. Wewe ndiwe mdai, mwenzako ndiye mdaiwa. Mkipatana nje, mwaweza kuiandikia mahakama mapatano yenu na kesi ikamalizika.

Katika jinai, kesi ni ya Jamhuri. Wewe uliyepigwa au kuibiwa ni mlalamishi na shahidi tu. Anayeiendesha ni ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na kwa mujibu wa kifungu cha 157 cha Katiba ya mwaka 2010 hata Mkurugenzi huyo hawezi kuiondoa kesi bila ya ruhusa ya mahakama.

Huku kwetu, wazee wa mtaa wakishakaa, kahawa ikinywewa na Fatiha ikisomwa, hudhaniwa mambo yamekwisha. Aliyekosa huacha kwenda kortini. Baada ya wiki mbili huja kukamatwa kwa waranti, na watu wakasema kuna fitina. Hapana fitina. Sulhu ni jambo jema, na sheria yetu ya mwenendo wa jinai yaitambua katika makosa madogo ya kibinafsi kama kupigana kwa kawaida. Katiba nayo, katika kifungu cha 159, yazitaka mahakama zihimize mapatano. Lakini sulhu hiyo lazima ipelekwe mbele ya hakimu, naye ndiye atakayesema kesi imekwisha.

SHTAKA NA "NI KWELI"

Sasa nifike kwenye neno linaloniogopesha kuliko mengine. Nalo ni "ndiyo".

Mshtakiwa husomewa shtaka akaulizwa kama ni kweli au si kweli. Akisema ni kweli, hakuna shahidi atakayeitwa. Aweza kutoka pale akaenda moja kwa moja jela. Kwa sababu hiyo, mwaka 1973 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliweka utaratibu ambao mahakama zetu zaufuata hata leo. Shtaka na kila sehemu yake visomwe na kuelezwa katika lugha anayoifahamu mshtakiwa. Majibu yake yaandikwe, ikiwezekana, kwa maneno yake mwenyewe. Kisha mambo yalivyotokea yaelezwe, na aulizwe kama ana la kupinga au kuongeza. Akisema neno linaloonyesha hakukubali, iandikwe kwamba amekana.

Nitasimulia niliyoyaona. Mzee mmoja mvuvi alishtakiwa kwa wizi wa nyavu. Aliposomewa shtaka alijibu kwa utulivu, "Kweli, nyavu nilizitwaa." Karani akainama kuandika. Hakimu akamzuia kwa mkono, akamwuliza, "Mzee, kwa nini ulizitwaa?" Mzee akastaajabu kuulizwa. "Mheshimiwa, nyavu zile tulinunua kwa shirika, mimi na yeye. Nilikwenda kutwaa fungu langu." Hapo hapo ikaandikwa kwamba amekana shtaka.

Tazameni neno "kutwaa". Katika Kiswahili chetu, kutwaa ni kuchukua, na mtu hutwaa kilicho chake na kisicho chake. Kwa sheria, wizi wataka zaidi ya kuchukua: wataka nia ya udanganyifu, na mwenye kudai kwa moyo safi kwamba kitu ni haki yake ana ulinzi katika kifungu cha 8 cha Kanuni ya Adhabu. Mzee yule hakukijua kifungu cha 8. Aliokolewa na swali moja la Kiswahili chepesi. Je, asubuhi ile lau ingekuwa na kesi arobaini na hakimu ana haraka, swali lile lingeulizwa?

Kwa hivyo nawaambia wasomaji wangu: mtu asijibu "ni kweli" kwa kuwa sehemu moja ya maneno ni kweli. Kama ulikuwapo lakini hukupiga, sema, "Nilikuwapo, sikupiga." Kama hukufahamu, sema, "Sikufahamu." Katiba, kifungu cha 50, yampa mshtakiwa asiyeifahamu lugha ya mahakama haki ya kupewa mkalimani bila ya malipo. Anayetoka visiwani na hajazoea Kiswahili cha ofisini asione haya kuitumia haki hiyo.

Neno jingine ni "kesi ya kujibu". Upande wa mashtaka ukimaliza mashahidi wake, hakimu huamua kama mshtakiwa ana kesi ya kujibu. Nimewaona akina mama wakiangua kilio ukumbini waliposikia mwana wao "ana kesi ya kujibu", wakadhani amekwisha kufungwa. La! Maana yake ni kwamba zamu yake ya kujitetea imefika. Ana njia tatu: kuapa na kutoa ushahidi, kusema bila kuapa, au kunyamaza. Akionekana hana kesi ya kujibu, huachwa huru pale pale.

DHAMANA, KUTAJWA NA KUACHILIWA

Dhamana haina maana ya faini, wala si hongo, wala si mwisho wa kesi. Ni ahadi kwamba utarudi. Pesa zilizowekwa ni amana: ukihudhuria kila siku uliyotakiwa mpaka kesi iishe, zarudishwa, hata ukionekana na hatia, kwa hivyo risiti ihifadhiwe. Ukitoroka, pesa zaweza kwenda kwa serikali, na mdhamini aliyeweka hati ya shamba lake aweza kuulizwa. Sisi tunaojua kwamba mdhamini ni mwenye kubeba deni la mwenziwe tungepaswa kulielewa hili mbele ya watu wote. Kifungu cha 49 chasema mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au zikiishia wakati mahakama imefungwa, siku ya kazi inayofuata. Chasema pia kwamba ana haki ya dhamana kwa masharti ya kiasi isipokuwa kuna sababu nzito za kumnyima.

Kisha kuna "kutajwa" na "kusikizwa". Kesi ikiwa yatajwa, mahakama yataka kujua imefikia wapi na kupanga tarehe. Mashahidi hawahitajiki. Ikiwa yasikizwa, ndiyo siku ya mashahidi na hati zote. Nimewakuta watu waliovuka bahari kwa boti na kupanda basi tangu alfajiri, pamoja na mashahidi watatu waliolipiwa nauli, kwa ajili ya kesi iliyotajwa kwa dakika mbili. Neno moja lililoandikwa kwenye karatasi yao kwa Kiingereza liliwala nauli ya watu wanne.

Na kuna kuachiliwa kwa namna mbili. Upande wa mashtaka ukiiondoa kesi kabla mshtakiwa hajatakiwa kujitetea, huachiliwa, lakini aweza kushtakiwa tena kwa jambo lile lile. Akiwa kesi imesikizwa na akaonekana hana hatia, ameachwa huru kwa maana kamili, na hawezi kushtakiwa tena kwa kosa hilo. Wote wawili hutoka mlango mmoja wakipigiwa vigelegele. Mmoja wao bado ana sababu ya kuzihifadhi karatasi zake.

Rufaa yatokana na kuinua: waliinua jambo lako kwa mkubwa zaidi. Haina maana ya kuanza kesi upya wala kuleta mashahidi uliosahau kuwaleta. Mkubwa husoma yaliyoandikwa na kutazama kama mdogo wake alikosea. Tena ina siku zake. Kutoka mahakama ya hakimu kwenda Mahakama Kuu, katika jinai ni siku 14, katika madai ni siku 30. Ukichelewa waweza kuomba ruhusa ukiwa na sababu ya kutosha, na ruhusa yaweza kunyimwa.

MBELE YA KADHI

Msomaji huenda akasema, "Mambo hayo ni ya korti za serikali, mimi kesi zangu ni za kwa kadhi." Basi na huko kuna ya kufahamu.

Makadhi walihukumu katika mwambao huu kabla Uingereza haijatangaza himaya yake mwaka 1895. Mapatano ya Oktoba 1963 kuhusu mwambao yalihifadhi mahakama hizo, na Katiba ya 2010 imezitaja katika kifungu cha 170. Lakini kifungu hicho kina mipaka yake: kadhi husikiza mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi ya Kiislamu, baina ya watu ambao wote ni Waislamu, na wote wakakubali kuhukumiwa naye. Deni la duka halimo. Mpaka wa shamba baina ya majirani haumo. Anayepeleka huko daawa ya mpaka hupoteza muda, hata awe na haki kiasi gani.

Jambo ambalo akina mama wengi hawaambiwi ni hili. Sheria ya Mahakama za Kadhi yasema mashahidi wote wasikizwe bila ya ubaguzi wa dini, jinsia au mengineyo, na kwamba ukweli upimwe kwa uzito wa ushahidi wala si kwa hesabu ya vichwa vya mashahidi. Mwanamke anayedai fungu lake la mirathi kwa kaka zake hana haja ya kuogopa kwamba hatasikizwa. Na akiwa hakuridhika na hukumu, ana njia ya rufaa mpaka Mahakama Kuu, ambako Kadhi Mkuu, au makadhi wawili wengine, huketi pamoja na jaji kama wazee wa baraza.

Fasihi, khului na talaka hutajwa kwa pamoja vibarazani kama kwamba ni kitu kimoja. Talaka hutoka kwa mume. Khului ni mke kujikomboa kwa kutoa kitu kwa mapatano. Fasihi ni kadhi kuivunja ndoa kwa sababu iliyothibitishwa, kama mume kutokomea na kuacha kutoa matumizi. Mwanamke anayeingia ofisini akisema "nataka talaka" ilhali aliyonayo ni sababu ya fasihi, huenda akarudishwa kwa mume yule yule asiyejulikana aliko. Neno sahihi lingemfupishia njia.

WANAOSEMA HAIWEZEKANI

Wako wanaosema sheria ina lugha yake kama udaktari ulivyo na lugha yake, na aliyepewa kazi ya kueleza ni wakili. Nakubali kwamba elimu ina istilahi zake. Lakini daktari naye, akishaandika jina la dawa kwa Kilatini, humwambia mgonjwa, "Kunywa mara tatu baada ya chakula." Na wakili ana malipo yake, ambayo mchuuzi wa samaki hana.

Wengine wanasema Kiingereza ndicho chenye uhakika. Wenzetu wa Tanzania waliibadilisha sheria yao mwaka 2021, Kiswahili kikawa ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama. Na hapa Kenya, sheria ya zamani ya mwenendo wa kesi yasema lugha ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Mlango u wazi miaka yote hii. Tangu 2010 Kiswahili ni lugha rasmi pia. Kinachokosekana ni karatasi: shtaka, wito na amri vingali vyachapwa kwa Kiingereza, kisha vikaelezwa kwa mdomo mbio mbio.

Tunao mfano wetu wenyewe. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 mpaka kufa kwake 1947, alianzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932 ili watu wapate kusoma mambo ya dini na dunia kwa lugha yao. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, ambaye naye alikuja kuwa Kadhi Mkuu mwaka 1968, alikamilisha tafsiri yake ya Kurani kwa Kiswahili mwaka 1969. Ikiwa Kitabu kitukufu kilitafsiriwa kwa uangalifu na watu wakafaidika, karatasi ya mashtaka itashindikana nini? Na aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya Suratul Baqara, ni ya kuandikiana deni. Yamwamrisha mwandishi aandike kwa uadilifu, na asiyeweza kutaja mwenyewe, msimamizi wake amtajie. Mnyonge wa maneno alifikiriwa tangu hapo.

KUTOFAHAMU KULITUGHARIMU

Nani atasema hili ni jambo dogo? Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi za mwambao, iliyomtaka kila anayedai ardhi apeleke dai lake liandikwe. Ardhi isiyodaiwa ilihesabiwa kuwa ya Taji la Uingereza. Waliokuwa na habari na karatasi walidai. Walioishi kwa kujuana, kwa mnazi uliopandwa na babu na kaburi lililo chini yake, wengi wao hawakudai, au hawakujua kulikuwa na kudai. Wajukuu wao waitwa maskwota mpaka leo. Sheria ile ilikuwa na makosa yake mengi, lakini mojawapo lilikuwa ni hili: ilisemwa kwa lugha ambayo mwenye mnazi hakuisikia.

Basi la kufanya si kubwa. Kila wito na kila karatasi ya mashtaka viwe na Kiswahili ubavuni mwa Kiingereza. Kila mahakama ya Pwani itundike ubao uani, penye kivuli wakaapo watu, wenye maneno thalathini na maana zake. Wakalimani waheshimiwe, wafunzwe na walipwe vizuri, kwani ulimi wao ndio unaobeba uhuru wa mtu. Maimamu na walimu wa madrasa nao watenge darasa moja kwa mwezi, baada ya Ijumaa, kueleza wito ni nini na dhamana ni nini. Nasi, karatasi ikija, tuifungue siku hiyo hiyo. Asiyejibu dai hutolewa hukumu ya upande mmoja, na kuomba itanguliwe ni kazi kubwa kuliko kujibu.

Nawaachia beti mbili nilizozitunga kwa ajili ya ubao huo, endapo atatokea wa kuutundika:

Uitwapo mahakama, usijifiche nyumbani,
Uliza maana nzima, ya neno hulibaini,
Kwani "ndiyo" ya kusema, hukutia kifungoni,
Kuuliza si lawama, mwenye haki hana soni.

Nanyi mliopatiwa, kiti mkakaa mbele,
Mnyonge akiitiwa, mwambieni polepole,
Neno likitambuliwa, kesi haiwi milele,
Mtu asipoelewa, hukumu ni giza tele.